Majina Yaliyobaki Ndani ya Mashine

Mzee Nasoro alizikwa Jumanne. Alhamisi jioni akajiita mwenyewe kwenye spika ya kliniki.

Sijakosea kuandika. Alijiita, kwa sauti yake ileile ya kukwaruza, ya mtu aliyevuta tumbaku tangu ujana. "Nasoro wa Gatete," akasema. Halafu ile sauti ya Kifaransa ya mashine ikamwelekeza aende chumba namba mbili, kama mgonjwa mwingine yeyote.

Mama wa usafi alikuwa anapiga deki. Aliacha ndoo, akaacha kandambili, akaacha na kipande cha kitenge kilichonasa mlangoni. Wanasema alisimama kuvuta pumzi alipofika sokoni.

Mimi sikuwepo siku hiyo. Ningekuwepo, saa hizi msingekuwa mnasoma kisa hiki, ningekuwa bado nakimbia.

Naitwa Meshaki. Nilizaliwa kambini upande wa Kasulu, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, nikarudi Burundi nikiwa tayari na ndevu. Ndiyo maana Bujumbura wananiita Mutanzania, na nikivuka kwenda Kigoma wananiita Mrundi. Nimeshazoea. Kazi yangu ni kuandika na kutengeneza programu za kompyuta, na hali ikiwa ngumu natengeneza hata simu zilizoingia maji.

Simu ilipigwa na Yasser.

"Amahoro, Mutanzania?"

"Amahoro, bosi."

"Ndugu yangu, mashine yangu imeingia shetani. Njoo Rumonge."

Nikacheka. "Bosi, shetani kakosa kazi mpaka akajifunze kompyuta?"

"Cheka tu. Malade zangu zote, wagonjwa, zinakimbia. Ikifika saa ya jioni hakuna mutu anataka kukaa mule. Nikifunga kliniki, wafanyakazi wangu watakula nini, wallahi?"

Yasser ni wa zile familia za Waarabu wa asili ya Oman, zilizokuwepo Bujumbura tangu enzi za babu zao wauza vitambaa. Si daktari. Ni mfanyabiashara aliyeona Rumonge ina watu wengi na waganga wa kweli wachache, akafungua kliniki. Si mtu mbaya. Nasema mapema ili msije mkamchukia kabla ya wakati.

Mafuta ya gari yalikuwa adimu kama kawaida, nikapanda lori lililokuwa linafuata mawese. Kabezi, Magara, ndagala zimeanikwa kando ya barabara, harufu mpaka kwenye nguo. Mchana nikawa nimefika.

Sasa ngoja niwaeleze ile mashine, maana bila hivyo hamtaelewa kilichotokea.

Programu ya foleni iliandikwa na jamaa mmoja anaitwa Dismasi. Siku hizi yuko nje ya nchi na simu hapokei. Mwanzoni mashine ilikuwa inasoma majina ya wagonjwa kwa ile sauti yake ya Kifaransa. Balaa. Majina ya Kirundi mengine ni sentensi nzima, na yule Mfaransa wa kwenye spika alikuwa anayasoma kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki mukeke kooni. Watu walikuwa wanaitwa hawajitambui, wengine wanagombania jina moja.

Dismasi akatumia akili. Akaweka maikrofoni mapokezi. Ukija asubuhi, unalisema jina lako mwenyewe, mashine inaishika sauti yako. Zamu yako ikifika, spika inakurudishia sauti yako.

"Kila mutu anajiita mwenyewe," aliniambia Kulthum, dada wa mapokezi. "Batu walipenda sana. Hata batoto wazima walikuja, basikie tu majina yao."

Majina hayaandikwi popote. Mashine inashika namba na sauti, basi. Faili linafunguliwa kwa aliyeonwa na daktari tu. Jioni sauti zote za siku hiyo zinafutwa ili diski isijae.

Zinafutwa. Shikeni hapo.

Nikakaa kusubiri foleni ya siku hiyo iishe, nione kwa macho yangu huo mzimu. Wagonjwa walikuwa wachache na walikuwa na haraka. Aliyemaliza na daktari alitoka bila hata kuaga. Ukumbi ukabaki mtupu.

Si mtupu kabisa. Benchi la nyuma alikuwa amekaa mama mmoja, mikono mapajani, anaitazama spika. Haangalii mlango wa daktari, haangalii watu. Spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Kwa jinsi alivyoitikia nikajua na yeye alikula ugali wa ukimbizini Tanzania. Moyo ukalegea kidogo.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nasubiri."

"Unamsubiri nani, na watu wameisha?"

"Kuna mtu huenda akaitwa," akasema, akarudisha macho kwenye spika.

Kulthum akanivuta pembeni kwa shati.

"Muache, kaka. Ni mama Clotilda wa Gatete. Alipoteza mutoto wake, Eliana, alikuwa anasomea ualimu. Tangu alisikia muzee Nasoro ameita, kila jioni iko hapa. Anasema kama wafu wanaongea humu, labda na mutoto wake ataongea."

Kabla sijajibu, spika ikakohoa.

Ilikohoa kweli, kikohozi cha mwanamke. Kisha sauti ikasema, "Spesiyoza," na kikohozi tena, na chumba namba mbili. Daktari alikuwa ameshaondoka, chumba namba mbili hakina mtu, foleni imeisha, wa leo wote wameshaitwa. Huyu Spesiyoza hakuwepo.

Mimi ndiye niliyekuwa nacheka kwenye simu.

"Huyu iko muzima," Kulthum akanong'ona. "Jana nilimuona sokoni. Sasa na yeye anaanza kuogopa kama atakufa."

Nikapiga moyo konde, nikaingia kwenye chumba cha seva, nikafungua programu ya Dismasi. Nawaambia ukweli, nilisoma ile programu nimeupa mgongo ukuta. Sikutaka kuwa na mtu nyuma yangu.

Na nikakipata.

Hifadhidata, lile ghala la sauti, ina majina mengi kwa pamoja. Programu ikitaka kuyapitia moja moja, inafungua kitu kinaitwa kursa. Fikiria kidole cha mwalimu anayeita mahudhurio: kiko kwenye jina moja, mtoto anaitika, kidole kinashuka jina la pili. Kursa ndiyo hicho kidole. Programu inaifungua, inavuta jina, inavuta jina, majina yakiisha inaifunga.

Ile ya Dismasi ilikuwa na tabia tatu. Ya kwanza, ikifunguliwa asubuhi inajipigia nakala yake ya foleni nzima, kwa hiyo hata ukifuta majina jioni, yenyewe bado inayo. Ya pili, inashuka tu, haipandi. Jina likishatoka halirudi. Ya tatu, ni mali ya programu iliyoifungua. Mimi fundi siwezi kuchungulia ndani nikaona nani amebaki. Naweza kuiacha iite, au naweza kuifunga, na nikiifunga, kila aliyebaki ndani anapotea.

Sasa, kulikuwa na kursa moja ya zamani haikufungwa. Ilifunguliwa asubuhi moja ya msimu wa mvua, ikaita majina mpaka katikati, ikasimama. Kesho yake programu ikafungua nyingine, ile ya zamani ikaachwa vilevile na kidole juu ya jina. Na Dismasi, kwa wema wake, alikuwa ameandika mstari mmoja wa kujilinda: foleni ya leo ikiisha, kabla ya kulala, angalia kama kuna kursa nyingine iko wazi. Kama ipo, ita jina moja.

Kila jioni, jina moja, na kabla ya mzee Nasoro kila aliyesikia alidhani ni mgonjwa aliyechelewa. Seva inakula betri za sola, haikuzimwa tangu siku ile.

Nikatoka ukumbini kifua mbele. Yasser alikuwa ameshafika, kanzu ameikusanya kwa mkono mmoja, tasbihi kwenye mwingine.

"Bosi, hakuna shetani. Kuna siku moja foleni ilikatika katikati, waliobaki hawakuitwa. Mashine inamalizia kuwaita. Mzee Nasoro alikuwa mmojawapo, akafa kabla zamu haijafika, basi."

Kulthum akashika mdomo. "Siku kuran ilikatika, umeme! Bosi, unakumbuka? Saa tano hivi. Daktari akasema hawezi kupima mutu gizani, chumba yake haina dirisha, tukawaambia batu warudi nyumbani, waje kesho."

"Nakumbuka," Yasser akasema. "Mimi ndiye niliwaambia. Sasa funga hiyo kitu, Meshaki, funga sasa hivi, nilale usingizi."

"Dakika moja tu bosi."

Nikageuka. Kumbe mama Clotilda alikuwa amesimama nyuma yetu, na sikusikia hata hatua zake.

"Mwanangu," akaniambia, "hao waliobaki ndani ni wa siku ile umeme ulipokatika?"

"Ndiyo mama."

Akashika ukuta.

Nikamletea kiti, hakukaa. Akaongea akiwa amesimama, pole pole, kama anayeogopa kumwaga kitu.

"Siku ile Eliana alikuwa na homa. Asubuhi aliniaga anakuja hapa. Akarudi mchana, akaniambia, mama, nimekaa kwenye foleni, wametuambia turudi kesho. Usiku homa ikapanda kichwani. Hiyo kesho hakuifikia."

Akakaza kitenge kiunoni, akaendelea.

"Nilikuja kuuliza. Wakaniambia hakuna Eliana aliyefika hapa. Sasa baba zake wadogo wanasema nilimfungia mtoto ndani nikimwombea, badala ya kumleta kwa daktari. Jumamosi tunaganduka. Watasimama waseme hivyo mbele ya watu wote."

Kwa wasiojua: kuganduka ni siku ya kuondoa msiba. Ukoo unakusanyika, watu wanakunywa, na watu wanasema. Kinachosemwa siku hiyo kinakaa. Ukiitwa mama aliyemuua mtoto kwa uzembe, utaitwa hivyo mpaka na wewe uzikwe.

"Hayo ningeyabeba," mama akasema. "Kinachonila ni kingine. Mashine haina Eliana, hapa hawamjui. Basi mwanangu alinidanganya? Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa uongo?"

Yasser akainamisha kichwa. "Mama, wallahi tulitafuta mbele yako. Jina hilo halikuwa."

"Mlitafuta kwenye mafaili ya walioonwa na daktari," nikasema. "Huyu hakuonwa."

Yasser akaniangalia. Mimi nikamwangalia. Sina kawaida ya kubishana na mtu anayenilipa, ila siku hiyo ulimi ulitangulia.

"Bosi, sifungi. Tuwaite kwanza wote walioko ndani. Kama Eliana alikuja, yumo."

"Na kama hayumo?"

Nilimwona mama Clotilda akiniangalia, nikatamani ningeufyata mdomo. Ningefunga kursa, nikachukua changu, nikala mukeke, nikalala. Sasa nilikuwa nimempa mama wa watu tumaini, na tumaini la hivyo likivunjika linavunjika na mtu.

"Iteni," akasema mwenyewe.

Kazi ilikuwa rahisi. Mashine inaita jina moja la zamani kila foleni ya leo inapoisha. Basi tufungue foleni ndogo ya mgonjwa mmoja, tuimalize, halafu tena, na tena. Tulihitaji mgonjwa wa uongo.

"Nani?" Kulthum akauliza, akarudi nyuma hatua moja.

Nikaona wote wananiangalia mimi. Nikajikaza kisabuni, nikasogea kwenye maikrofoni, nikasema jina langu.

Nikaweka simu yangu mezani, nikawasha kinasa sauti. Tukaanza.

"Meshaki," spika ikasema. Sauti yangu. Jamani, kusikia sauti yako inakuita kutoka ukutani kwenye ukumbi mtupu, na unajua anayefuata baada yako anaweza kuwa maiti, hiyo simtakii hata adui yangu.

Kulthum akabonyeza kitufe cha daktari. Foleni ikaisha. Kimya.

"Tadeo," ikaita sauti ya mwanaume aliyebanwa na mafua.

Mama akatikisa kichwa.

"Meshaki." Kimya. Kisha sauti ya mwanamke, "Sema jina, sema," na mtoto mdogo akapiga kelele, "Mansuri!" Kulthum alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine.

"Meshaki." Kimya. "Amuri, wa Magara."

Kila inapoanza sauti ya kike, mama Clotilda alinyoosha shingo, na kila ikitaja jina jingine, alirudi chini kidogo. Nje jua lilikuwa bado lipo, nasikia watu wakipita na baiskeli za mawese wakigombana kwa furaha kama siku zote. Humu ndani tulikuwa tunapumua kwa zamu.

Jina. Jina. Jina. Bibi mmoja badala ya jina alisema, "Niongee wapi, hapa?" na hiyo ndiyo iliyoshikwa, ndiyo iliyoitwa.

Yasser alikuwa ameacha kuhesabu tasbihi. Akamsogelea mama, akamwambia kwa upole, "Mama yangu, imetosha. Hayumo. Usijitese."

Mama alibaki akiitazama spika. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na hayamwagiki. Nilijua anachofikiria: kwamba mwanawe alikufa na uongo mdomoni, na sasa ameuthibitisha mbele ya watu wageni. Nilijichukia. Nilijichukia mimi na kompyuta zote.

"Moja tena," nikasema.

"Meshaki," spika ikasema.

Kimya.

Halafu ikaja sauti ya msichana. Ya chini, imechoka kwa homa, lakini imepangwa vizuri, sauti ya mtu anayejifunza kusimama mbele ya darasa.

"Clotilda," ikasema.

Chumba namba mbili.

Sijui niwaeleze vipi. Mama wa watu aliganda. Sote tulijua ile sauti ni ya nani bila kuuliza, tulimwona usoni. Mtoto aliyekufa amemwita mama yake. Na amemwita kwa jina lake halisi! Kwetu mtoto hamtaji mama yake jina. Mimi na umri huu, jina la mama yangu nalitamka nikijaza karatasi za serikali tu, tena kwa aibu.

Yasser alianza kusoma dua. Kulthum akamrukia mama, akamshika mikono.

"Usiitike! Mama, usiitike, anakuita umufuate!"

Maana hata watoto wanajua hilo. Ukisikia sauti ya marehemu inakuita, nyamaza. Ukiitika, umekubali.

Mama Clotilda akajinasua taratibu.

"Abee," akaitika.

Aliitika kama binti anavyomwitikia mkubwa wake. Akapitisha kitenge usoni, akaenda mlango wa chumba namba mbili, akausukuma, akaingia. Tukamfuata. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgonjwa, mbele ya meza isiyo na daktari, mikono mapajani.

"Alikuja," akasema. "Mnasikia? Mwanangu alikuja."

Nyuma yangu Kulthum akaanza kulia kwa sauti, akajipiga paji la uso.

"Karte! Ni karte! Mimi mwenyewe naambiaga kila mutu, sema jina liko kwa karte!"

Hapo ndipo akili yangu ikarudi. Kadi ya matibabu. Mwenye kadi analipa kidogo, asiye nayo analipa kila kitu. Eliana alikuwa ameshapita umri wa kutumia kadi ya wazazi na yake hakuwa nayo. Kuazimana kadi huku ni kama kuazimana chumvi, nani asiyefanya? Alibeba kadi ya mama yake kimya kimya, akafika mapokezi, akaambiwa aseme jina lililo kwenye kadi. Akalisema. Kwa hiyo hata tungekuwa na majina yote ya siku ile, tungetafuta Eliana mpaka mwisho wa dunia, tusimpate.

"Siku ile niliitafuta kadi nyumba nzima," mama akasema. "Nilimgombeza mdogo wake."

Na akacheka. Wallahi alicheka, machozi yakimtoka.

Nikarudi kwenye seva. Kursa haikuwa na kitu tena. Eliana ndiye alikuwa wa mwisho kwenye foleni ya siku ile. Nikaifunga.

Yasser alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, kanzu yote chini, hajali vumbi.

"Betri zilikuwepo," akasema, sijui anamwambia nani. "Seva ilikuwa inakula betri. Ningevuta waya moja mpaka chumba ya daktari. Nikasema hapana, betri ni ya mashine. Nikawafukuza batu, betri imejaa."

Sikumjibu. Kuna mambo ukimjibu mtu unamsaidia kuyasahau.

Jumamosi nilikwenda Gatete kwenye kuganduka. Baba mdogo wa kwanza alisimama, akaanza, "Mutoto huyu angepelekwa kwa munganga..." Hakumaliza. Yasser alikuwa ameingia, mtu ambaye hakuna aliyemtegemea pale. Aliomba ruhusa ya wazee, akapewa. Akasema mbele ya ukoo wote kwamba Eliana alifika kwake akiwa hai, akakaa kwenye foleni yake, na kwamba yeye Yasser ndiye aliyemwambia aende nyumbani. Hakusema umeme. Hakusema kadi. Alisema hivyo tu, akakaa chini, akangoja watu wamfanye watakavyo.

Halafu mama Clotilda akainuka, akamletea maji ya kunywa, maana alijua hanywi pombe.

Wale baba wadogo hawakusema tena neno.

Wakati wa kuondoka nilimvuta mama pembeni. Nilikuwa nayo kwenye simu, sauti ya Eliana, safi kabisa. Nilidhani namletea zawadi.

"Mama, nimeishika sauti yake. Nikuwekee kwenye simu yako? Uwe unaisikiliza."

Aliiangalia simu muda mrefu. Mkono wake ulikuja mpaka karibu. Kisha akaurudisha.

"Futa, mwanangu."

"Mama, ni sauti yake. Hakuna nyingine."

"Ameniita, nimeitika," akasema. "Ukimfanya aite tena, atadhani sikusikia."

Nikafuta mbele yake. Mkono wangu ulikuwa mzito kuliko siku zote nilizowahi kufuta kitu.

Wenzangu mnaoandika programu, mmefundishwa kama nilivyofundishwa: ulichokifungua, kifunge. Ni kweli, fungeni. Lakini nanyi mnaoendesha zahanati, ofisi, shule, popote watu wanapopanga mstari, siku mkitaka kusema "rudini kesho", nyanyueni macho kwanza mtazame benchi la nyuma. Aliyekaa mwisho naye alifika asubuhi.